Mara mbili, tatu au nne kwa siku? Ratiba za kulisha viwavi wa hariri zikilinganishwa

Karibu kila anayeanza kufuga viwavi wa hariri huuliza swali lile lile: niwape majani mara ngapi kwa siku? Majibu atakayopata yatamchanganya. Mmoja atamwambia mara mbili zinatosha. Mwingine atashikilia nne. Wa tatu ataapa kwamba bila milo mitano hakuna kifukofuko, yaani kifuko cha hariri anachojisukia kiwavi, cha maana kitakachopatikana. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja ana viwavi wa umri tofauti akilini, na majani yaliyotayarishwa kwa namna tofauti.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Hesabu ya milo peke yake haina thamani. Kinachomkuza kiwavi ni kukuta jani bichi linalolingana na umri wake kila anapotaka kula, na kuachwa atulie anapojivua ngozi. Ratiba bora ni inayomfikisha hapo kwa kazi ndogo kuliko zote. Kwa hiyo nazilinganisha ratiba kwa kuangalia mambo matatu: jani linabaki bichi kwa muda gani, viwavi wanakua kwa usawa kiasi gani, na hariri inayopatikana mwishoni ni kiasi gani.

Anakula nini, na lini

Kiwavi wa hariri, yaani Bombyx mori, hupita hatua tano za ukuaji, na kati ya hatua moja na nyingine hulala na kujivua ngozi. Usingizi huo ni mara nne. Joto likiwa zuri, tangu kuanguliwa hadi kuanza kusuka huchukua siku 24 hadi 28 hivi. Anapoanguliwa ana uzito wa kama nusu miligramu. Akikomaa anafikia gramu 4 au 5. Hilo ni ongezeko la karibu mara 10,000 katika muda usiotimia mwezi.

Katika maisha yote hayo kiwavi mmoja huhitaji gramu 20 hadi 25 za majani mabichi ya mforosadi. Hatua tatu za kwanza zikijumlishwa hutumia kama asilimia 5 tu ya kiasi hicho. Hatua ya nne huchukua kama asilimia 10 hivi, na hatua ya tano peke yake humaliza zaidi ya asilimia 80. Anayefuga viwavi 20,000 ahesabu kama kilo 500 za majani, na ajue kwamba zaidi ya kilo 400 zitaliwa katika wiki moja ya mwisho. Wengi huishiwa majani hapo, baada ya wiki tatu za kuamini kwamba shamba lao ni kubwa kuliko mahitaji.

Hariri nayo hutegemea wiki hiyo hiyo. Ndani ya kiwavi kuna tezi mbili ndefu zilizojikunja kandokando ya utumbo. Seli za tezi hizi hupata idadi yake kamili kabla kiwavi hajaanguliwa. Baada ya hapo hazigawanyiki tena, zinanenepa tu. Sehemu ya nyuma ya tezi hutengeneza fibroini, ambayo ndiyo uzi wenyewe. Sehemu ya kati hutengeneza serisini, gundi inayoushika uzi huo. Katika hatua ya tano tezi huvimba kwa kasi hadi kuchukua robo ya uzito wa mwili au zaidi, na sehemu kubwa ya protini ya hariri hutoka moja kwa moja kwenye majani yaliyoliwa siku hizo.

Kwa hiyo makosa ya ratiba yana gharama mbili tofauti. Ukikosea viwavi wakiwa wadogo, unapata kundi dhaifu lisilolingana. Ukikosea wakiwa wakubwa, unapata kundi linaloonekana zima ambalo hariri yake ni haba. Ratiba moja kwa umri wote haiwezi kuyazuia yote mawili.

Wadogo: mara nne wazi, au mara mbili chini ya kifuniko

Katika hatua ya kwanza na ya pili, njia ya zamani ni trei iliyo wazi na majani yaliyokatwakatwa, ikilishwa mara nne kwa siku au zaidi. Sababu ya milo mingi ni kukauka. Jani lililokatwa vipande vya nusu sentimita au sentimita moja lina kingo nyingi, na kila ukingo unapoteza maji. Ndani ya saa chache vipande vinajikunja. Kiwavi mchanga ana mdomo mdogo sana, anakwangua nyama ya jani upande wa chini tu. Jani likishakauka hawezi kulifanya lolote. Trei bado inaonekana kijani, lakini viwavi wanatembea juu ya chakula wasichoweza kukila.

Njia ya pili ni kulinda unyevu wa jani ili milo ipungue. Unatandika karatasi ya nta chini ya viwavi na nyingine juu yao, na kandokando unazungusha vipande vya sponji vilivyoloweshwa maji. Joto linashikiliwa kwenye nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, na unyevu wa hewa kwenye asilimia 80 hadi 90. Ndani ya mazingira hayo jani linabaki laini kutwa au usiku kucha, na milo miwili, asubuhi na jioni, inatosha. Nusu saa hivi kabla ya kila mlo karatasi ya juu inafunuliwa ili hewa ipite na tandiko likauke kidogo.

Kwa ukuaji, njia hizi mbili zinaweza kwenda sambamba. Tofauti iko pembeni. Milo minne inahitaji mtu awepo kutwa na sehemu ya usiku, na kila mlo ni usumbufu mpya kwa viwavi ambao kidole kizito tu kinawaumiza. Milo miwili inapunguza kazi kwa nusu na kuwaacha watulie. Lakini inahitaji umakini usio na mapumziko: karatasi ikisahaulika siku nzima bila kufunuliwa, tandiko linachachuka, ukungu unaanza, na viwavi wadogo hawana nguvu za kupambana nao.

Mimi kwa wadogo nachagua mara mbili chini ya kifuniko bila kusita. Hatua ya tatu ni daraja. Karatasi ya chini inaweza kuondolewa, majani yanakatwa vipande vikubwa zaidi, na mlo wa tatu unaongezwa kwa sababu sasa wanamaliza haraka.

Jani lenyewe lisidharauliwe. Ratiba yoyote inaharibika ukiwapa wadogo majani magumu ya chini ya tawi. Wanahitaji yale ya karibu na ncha, laini, yenye maji mengi: jani kubwa la juu linalong'aa na moja au mawili yanayolifuata. Mlo mmoja wa majani hayo unashinda milo mitatu ya majani makavu.

Saa za kutolisha

Ratiba nyingi huandikwa kama vile viwavi wanakula kila siku. Hawali kila siku. Mara nne katika maisha yao wanaacha kabisa, kila mara kwa karibu siku nzima, na usingizi wa nne huwa mrefu zaidi.

Mwangalie kiwavi anayekaribia kulala. Ngozi yake inavutika na kung'aa, mwili unaonekana mfupi na mnene. Anajishikiza kwenye tandiko kwa nyuzi chache, anainua sehemu ya mbele ya mwili, anatulia. Nyuma ya kichwa chake kidogo inajitokeza pembetatu ya rangi ya kahawia, nayo ni kichwa kipya kinachojengeka chini ya ngozi. Huyo hahitaji jani. Akiamka mambo yamegeuka: kichwa ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, ngozi imelegea na kukunjamana, mdomo bado mweupe na laini.

Hapa kuna tofauti kubwa kati ya mfugaji anayelisha kwa saa na anayelisha kwa macho. Wa kwanza anaendelea kumwaga majani kwa sababu saa imefika. Majani yanawafunika waliolala, unyevu unapanda, na wengine wanashindwa kujivua. Kisha wanaoamka mapema wanakuta chakula na kuanza kula, huku wenzao wakiwa bado usingizini. Baada ya siku moja trei ina vimo viwili. Pengo hilo halifungi lenyewe. Litaonekana tena kwenye usingizi unaofuata na hata siku ya kusuka.

Anayelisha kwa macho anasimamisha majani pale tisa kati ya kumi wanapokuwa wamelala, anaondoa vifuniko na sponji, na ananyunyiza chokaa ya unga ili tandiko likauke. Anarudisha majani pale karibu wote wanapokuwa wameamka. Walioamka kwanza watakaa na njaa saa kadhaa, na wanaivumilia bila madhara, maana mdomo wenyewe bado unakomaa. Upande wa pili wa kosa upo pia: ukisimamisha majani mapema mno, wale ambao hawajashiba wanaingia usingizini wakiwa dhaifu, au wanachelewa kulala kabisa. Kila trei iangaliwe peke yake, kwa kuwa hata trei mbili za siku moja hazilali pamoja kila mara.

Wakubwa: majani au matawi

Katika hatua ya nne na ya tano swali la mara ngapi linategemea swali lililolitangulia: unawapa majani yaliyochumwa moja moja, au matawi mazima yenye majani?

Jani lililochumwa halina pa kupata maji. Likitandazwa linanyauka, linakanyagwa, linachafuliwa na kinyesi. Tawi lililokatwa likiwa na urefu wa kama mita moja lina akiba ya maji kwenye shina lake, na majani yake yanabaki mabichi muda mrefu zaidi. Matawi yakipangwa kwa kupishanisha vitako na ncha yanajenga kichaka chepesi. Hewa inapita katikati, kinyesi kinaanguka chini, na viwavi wanapata ghorofa za kupanda badala ya kubanana kwenye tambarare moja.

Jedwali hili linaonyesha jinsi ratiba za kawaida zinavyolingana kwa viwavi wa hatua ya tano, tukichukulia kwamba kiasi cha majani kwa siku ni kile kile:

| Ratiba | Kazi | Majani yanayopotea | Ukuaji na hariri |
|---|---|---|---|
| Majani, mara 5 | Nzito sana, usafi kila siku | Mengi yasipopimwa | Mzuri |
| Majani, mara 4 | Nzito, usafi kila siku | Wastani | Mzuri, karibu sawa na mara 5 |
| Matawi, mara 3 | Nyepesi, usafi mara chache | Kidogo | Mzuri |
| Matawi, mara 2 | Nyepesi kuliko zote | Kidogo | Mzuri hewa ikiwa tulivu. Hushuka kwenye joto kavu |
| Majani, mara 2 | Nyepesi | Mengi, hunyauka bila kuliwa | Haba, vimo havilingani |

Nimetaja kiasi kile kile makusudi. Watu wengi wanaposema mara nne zilizaa zaidi ya mara mbili, ukiwachunguza unakuta waliolisha mara nne walitoa pia majani mengi zaidi kwa siku. Hapo hawajalinganisha ratiba, wamelinganisha shibe na njaa.

Kwa nini mlo wa tano unaongeza kidogo? Kiwavi hali mfululizo. Mtazame mmoja: anashika ukingo wa jani kati ya miguu yake ya mbele, kichwa kinaanzia juu, kinashuka kwa kupinda kikikata ukanda mwembamba, kinarudi juu, kinashuka tena. Anafanya hivyo kwa dakika kadhaa, kisha anaacha na kutulia muda mrefu huku utumbo ukifanya kazi. Viwavi wengi wakila pamoja unasikia mchakacho kama manyunyu juu ya majani, kisha unafifia. Ukileta majani mapya wakati wale wa chini hawajamaliza ya zamani, wanayaacha nusu na kupanda juu kwenye mabichi. Umeongeza mlo, umeongeza takataka, na tumbo ni lile lile.

Kutoka nne kwenda mbili kwa majani ya kuchumwa ni jambo jingine. Pengo la saa 12 linamaanisha saa nyingi ambazo kilichobaki kwenye tandiko ni makapi. Wenye nguvu wanakula vizuri mwanzoni, wanyonge wanakuta mishipa ya jani. Ndiyo maana sipendekezi ratiba hiyo kwa yeyote, hata mwenye shughuli nyingi. Mwenye nafasi ya milo miwili tu atumie matawi.

Matawi yana masharti yake. Miforosadi iwe imepogolewa na kukuzwa kama vichaka, ili kukata tawi zima kusiue mti. Vichanja viwe imara na vipana. Tawi lina majani ya umri mchanganyiko, na yale ya chini kabisa yaliyoanza kuwa manjano yaondolewe kwanza. Pia siku ya kukusanya walioiva ili uwapeleke mahali pa kusukia, kuwatoa katikati ya vijiti ni kazi ya uvumilivu. Hata hivyo naona faida imezidi. Wiki ambayo viwavi wanakula zaidi ya asilimia 80 ya chakula chao ndiyo wiki mfugaji anayochoka zaidi, na chochote kinachopunguza uchovu hapo kinazuia milo isirukwe.

Pengo la usiku

Milo minne iliyobanwa kati ya asubuhi na jioni ni mibaya kuliko milo mitatu iliyogawanywa vizuri. Kiwavi wa hatua ya tano hatambui usiku kama muda wa kufunga. Kwa majani ya kuchumwa, mgawanyo unaofanya kazi ni saa 12 asubuhi, saa 5 asubuhi, saa 10 alasiri na saa 4 usiku. Mlo wa usiku unakuwa mkubwa kuliko yote, kwa kuwa unabeba saa 8. Kwa matawi mara tatu, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku zinagawa siku sawasawa.

Kuchuma nako kuna saa zake. Majani ya alfajiri na mapema asubuhi yana maji mengi, ya jioni yana sukari na wanga zaidi, ya mchana wa jua kali yameshapoteza maji na yataendelea kunyauka kwenye trei. Mlo wa mchana utoke kwenye akiba ya asubuhi iliyotunzwa kivulini chini ya kitambaa chenye unyevu, yakiwa yamelegezwa. Majani yaliyoshindiliwa kwenye gunia hupata joto na kuharibika kabla hujayatumia.

Joto nalo linabadilisha ratiba hata usipotaka. Wakubwa wanahitaji nyuzi 23 hadi 25 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65 hadi 75. Joto likipanda wanakula kwa pupa, wanakomaa haraka wakiwa wadogo, na majani yanakauka mapema. Hapo ongeza mlo mwepesi na upunguze ukubwa wa kila mmoja. Baridi ikiingia wanapoa, majani yanabaki hayajaliwa, na siku zinarefuka. Kuwajazia wakati huo hakuwaharakishi.

Njaa ya hatua ya tano na mtego wake

Kiwavi akinyimwa chakula cha kutosha mwanzoni mwa hatua ya tano, kwa kawaida anachelewa. Mwili wake unahitaji kufikia kiwango fulani kabla homoni hazijamwelekeza kwenye kusuka, na hadi afikie hapo anaendelea kusubiri na kula. Kwa hiyo majani uliyodhani umeyaokoa unayalipa kwa siku za ziada za kazi.

Akishavuka kiwango hicho mambo yanakuwa ya hatari zaidi, kwa sababu hayaonekani. Sasa hata ukimnyima chakula hafi. Anaenda kusuka, anakamilisha kifukofuko, anageuka pupa, hatua ya kati kabla ya kuwa nondo. Mfugaji anaona vifukofuko vyeupe kila mahali na kuamini kwamba kupunguza milo ya mwisho hakukumgharimu kitu.

Gharama iko kwenye ganda. Kifukofuko kizuri cha aina zilizoboreshwa kina uzito wa gramu 1.5 hadi 2 au zaidi kidogo, na ganda lake, yaani hariri yenyewe, ni kama sehemu moja ya tano. Kilichobaki ni pupa. Kiwavi aliyepunjwa siku za mwisho ana tezi ambazo hazikujaa, naye anasuka ganda jembamba. Aina hizo zikilishwa vizuri hutoa uzi mmoja usiokatika wa mita 1,000 hadi 1,500 kwa kifukofuko. Ganda jembamba linatoa uzi mfupi. Zaidi ya hapo, maganda mazito na membamba yakichanganyika, yale membamba yanalainika mapema kwenye maji ya moto huku mazito yakiwa bado, na kuzongoa uzi kunakuwa kwa kusuasua. Wanaotunza nondo kwa ajili ya mbegu wanapata hasara nyingine: jike aliyekua na njaa hutaga mayai machache.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mwenye majani ya viwavi 8,000 asiangue 12,000 kwa matumaini ya kuwabana milo. Idadi ndogo iliyoshiba ina hariri bora, magonjwa machache na usingizi wa pamoja.

Kushibisha kupita kiasi

Upande wa pili wapo wanaojaza. Tandiko linakuwa nene, majani ya chini yanachachuka, joto na unyevu vinapanda palepale viwavi walipo. Ukungu unaowafanya wawe weupe na wagumu hupenda mazingira hayo. Mwaka 1865 Louis Pasteur alitumwa kusini mwa Ufaransa kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiangamiza viwavi wa hariri, na katika miaka iliyofuata alibaini kwamba magonjwa yalikuwa mawili. Mmoja, pebrini, ulirithishwa kupitia mayai. Wa pili, flasheri, uliwashika viwavi tumboni na kuwalegeza, na ulichochewa na hewa nzito, unyevu na majani yaliyoharibika. Ugonjwa huo wa pili ndio ratiba ya kulisha inaoweza kuukaribisha au kuuzuia.

Kipimo rahisi kiko machoni. Kabla ya mlo unaofuata, tandiko la viwavi wakubwa liwe limebaki mishipa na vijiti tu, na viwavi wengine wawe wameanza kutangatanga wakitafuta. Ukikuta majani mabichi mengi yamebaki, mlo uliopita ulikuwa mkubwa. Ukikuta wote wanazunguka ukingoni, ulikuwa mdogo au umechelewa. Ukiwalisha majani ya kuchumwa, safisha tandiko kila siku katika hatua ya tano. Mvua ikinyesha, ni heri mlo uchelewe saa moja au mbili hadi majani yakauke kuliko kuwapa yanayodondoka maji.

Wanaosikia habari za chakula cha kutengenezwa huuliza kama kinamaliza tatizo lote la ratiba. Watafiti wa Japani walifanikiwa kukuza viwavi kwa chakula hicho miaka ya 1960. Huchanganywa poda ya majani ya mforosadi, unga wa soya, agari na vitamini, nacho hubaki na unyevu kiasi kwamba hatua nzima inaweza kupita kwa mlo mmoja au miwili. Kinafaa hasa kwa wadogo, na kinahitaji usafi wa hali ya juu ili kisiote ukungu. Viwavi waliokwisha kuonja jani hukikataa, kwa hiyo aliyeanza na majani asidhani atabadili katikati. Kwa mfugaji mwenye shamba la miforosadi sioni sababu ya kukifuata.

Upande wako ni upi

Ukiwa na watu nyumbani kutwa, miti iliyozoea kuchumwa jani moja moja na viwavi wachache, majani mara nne yatakupa vifukofuko vizuri, na utajifunza tabia za viwavi haraka kwa sababu unawaona mara nyingi. Ukiwa na viwavi maelfu, mikono michache na vichaka vya kukata, matawi mara tatu ndiyo ratiba yangu ya kwanza. Ukiwa na kazi nyingine inayokuondoa asubuhi na kukurudisha jioni, anza na matawi mara mbili kwenye chumba chenye kivuli na hewa isiyo kavu, na jioni weka fungu kubwa. Katika hali zote tatu wadogo wabaki kwenye milo miwili chini ya karatasi.

Ukitaka kuhakikisha kwako mwenyewe, chukua viwavi walioanguliwa siku moja, wagawe sawasawa kwenye vichanja viwili mara tu wanapoamka usingizi wa nne, na upime majani ya siku kwa mzani ili vichanja vyote vipate uzito ule ule. Kimoja kilishwe mara mbili, kingine mara tatu au nne. Baadaye chagua vifukofuko 20 bila kupendelea kutoka kila upande, vipime, vikate, toa pupa, upime maganda peke yake. Uwiano wa ganda kwa kifukofuko kizima utakuonyesha kama milo ya ziada ililipa.

Kuanzia siku ya sita ya hatua ya tano, ratiba iliyoandikwa iache iongozwe na viwavi. Wa kwanza wataanza kung'aa kifuani kama wana mwanga ndani, wataacha jani, watatoa kinyesi laini na kuinua vichwa wakitafuta pa kushika. Hao wahamishwe wasuke. Wenzao bado wana siku moja au mbili za kula, na tezi zao zinajazwa saa hizo. Punguza ukubwa wa milo kadiri idadi inavyopungua, lakini usiifute hata mmoja hadi wa mwisho aache kula mwenyewe.